Kabarega, mwami aliyefia njiani akirudi kwao

Ndugu zetu wa Rubaya na wa Bisie, nyinyi munaoingia chini ya udongo kila siku munajua: kushuka si kazi, kazi ni kupanda. Kule Bunyoro, Uganda, ambako wazee wengi wa Bahunde wanasema mababu zao walitoka, iko hadisi ya mwami aliyeshuka na hakupanda tena. Jina lake Isaza. Nyamiyonga, mwami wa nchi ya chini, alimtumia ng'ombe wazuri ili kumvuta. Isaza akawafuata, akabakia huko.

Mjukuu wake Ndahura njo alianzisha ukoo wa Bachwezi. Hawa nao walipopotea, akaja Rukidi. Kwa baba alikuwa wa damu ya Bachwezi, lakini mama yake alikuwa mutu wa ng'ambo ya mto Nili, na yeye alikomalia kule. Alipofika Bunyoro, wenyeji walimufundisha desturi za kiti, njo akatawala. Kwake ukaanza ukoo wa Babito.

Kabarega alikuwa Mubito. Baba yake, mwami Kamurasi, alipokufa karibu mwaka 1870, yeye na ndugu yake Kabigumire walipigania kiti, na Kabarega akashinda. Mwaka 1872 Mwingereza Samuel Baker alifika Masindi, akatangaza kwamba Bunyoro sasa ni ya Misri. Vita ikawaka, Baker akakimbia na watu wake. Kabarega akajenga jeshi la Barusura, akaingiza mule Banyoro na watu wa makabila mengine. Pembe za ndovu zilimuletea bunduki.

Kuanzia mwisho wa 1893, Waingereza pamoja na Baganda wakamushambulia. Alipigana porini zaidi ya miaka mitano. Sehemu ya nchi yake ikapewa Buganda. Tarehe 9 Aprili 1899 wakamukamata kule Lango. Risasi ilimuvunja mukono, ukakatwa. Wakamupeleka mbali, visiwa vya Shelisheli, katikati ya bahari.

Mwaka 1923, akiwa tayari muzee, wakamuruhusu kurudi. Alifika Jinja tu, akafa. Maiti yake ndiyo ilifika kwao, ikazikwa Mparo, karibu na Hoima.

Huku kwetu Masisi na Walikale, neno mugeni limemwaga damu nyingi. Kila mumoja anataja babu yake ili kumufukuza jirani. Lakini tuangalie huyu mwami: alipoteza kiti, mukono na miaka zaidi ya makumi mbili kwa ajili ya udongo ule, na babu wa ukoo wake alikuwa amefika akitoka ng'ambo ya mto, bila kujua desturi. Kama wenyeji wangemufunga mulango siku ile, Kabarega hangezaliwa.

Basi jioni tukihadisia watoto mambo ya mababu, tusiruke ile sehemu ya mulango uliofunguliwa.