Kabasele, Mwimbaji Aliyemiliki Santuri

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kusikia muziki wa Kongo. Soma sasa habari za mmoja wa watu walioukuza.

Joseph Kabasele alizaliwa Matadi, mji wa bandari, tarehe 16 Desemba 1930. Wakati huo Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji. Alikulia Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo. Mwaka 1953 aliunda bendi ya African Jazz. Watu walimwita Le Grand Kallé, yaani Kallé Mkubwa.

Siku hizo studio kubwa za mji huo zilikuwa mali ya wageni. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa Kigiriki. Mwanamuziki aliimba, akapokea ujira, akaenda zake. Santuri ikiuzwa sana, faida ilibaki kwa mwenye studio. Ni kama kulima shamba la mtu mwingine: unavuna, lakini ghala si lako.

Januari 1960 viongozi wa Kongo walikwenda Brussels, Ubelgiji, kudai uhuru. Kabasele na wenzake walikwenda nao kupiga muziki. Huko walitoa wimbo uitwao Indépendance Cha Cha. Ulishangilia uhuru na kuwataja viongozi. Redio ziliueneza Afrika. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960.

Mwaka huo huo Kabasele alianzisha kampuni yake ya santuri, Surboum African Jazz. Sasa Mkongo alikuwa na ghala lake. Hakutoa santuri za bendi yake peke yake. Alitoa pia za O.K. Jazz, bendi ya Franco, mshindani wake mkubwa.

Lakini kumiliki ni jambo moja, kugawana ni jingine. Mwaka 1963 wanamuziki wake wengi walimwacha. Miongoni mwao walikuwa Nico, mpiga gita, na Rochereau, mwimbaji. Waliunda African Fiesta. Malalamiko yao yalihusu malipo. Kabasele alitafuta wengine, lakini African Jazz haikurudia nguvu zake za zamani. Alifariki tarehe 11 Februari 1983.

Ndugu msomaji, Kabasele alionyesha kwamba mfanyakazi anaweza kumiliki matunda ya kazi yake. Maisha yake yanatufunza pia kuwa hesabu ya matunda hayo lazima iwe wazi kwa wote waliolima.

Maswali
1. Kabla ya 1960, nani alipata faida ya santuri?
2. Kwa nini wanamuziki walimwacha Kabasele?
3. Jadilianeni: katika kikundi chenu, nani huona hesabu?