Jaroslav Heyrovský

Jaroslav Heyrovský (Prague, 20 Desemba 1890 – Prague, 27 Machi 1967) alikuwa mwanakemia kutoka Ucheki. Anajulikana hasa kwa kubuni polarografia, njia ya kupima vitu vilivyoyeyushwa katika majimaji kwa kutumia umeme. Mwaka wa 1959 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Maisha

Baba yake alikuwa profesa wa sheria ya Kiroma. Mwaka 1910 Heyrovský alikwenda London kusoma kemia. Huko Frederick Donnan alimpa kazi ya kuchunguza elektrodi ya alumini. Kazi ilimsumbua: uso wa metali ulifunikwa na oksidi, na vipimo havikutulia. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta kwao, akatumikia katika hospitali ya jeshi.

Katika mtihani wake wa udaktari mwaka 1918, mwanafizikia Bohumil Kučera alimwuliza juu ya zebaki inayodondoka kutoka mrija mwembamba wa kioo. Swali hilo ndilo lililobadili maisha yake, kwa maana kila tone la zebaki lina uso mpya, safi. Kučera alifariki mwaka 1921. Tarehe 10 Februari 1922 Heyrovský alipitisha umeme katika tone la namna hiyo, akaona mkondo ukipanda ghafla kila volteji ilipofikia kiwango cha ioni fulani. Volteji ya kila ngazi huonyesha ni kitu gani kilichomo, na kimo cha ngazi huonyesha kiasi chake.

Kusoma vipimo kwa mkono kulikula muda mwingi. Mwaka 1924 yeye na Mjapani Masuzo Shikata walitengeneza polarografu, mashine iliyopandisha volteji yenyewe na kuchora mkondo juu ya karatasi ya picha.

Wanazi walipofunga vyuo vikuu vya Ucheki mwaka 1939, aliendelea na utafiti kwa msaada wa Johann Böhm, profesa Mjerumani aliyepinga Unazi. Mwaka 1950 akawa mkuu wa Taasisi ya Polarografia mjini Prague.

Polarografu na potentiostati

Polarografu ya kwanza ilikuwa na elektrodi mbili tu. Katika majimaji yasiyopitisha umeme vizuri, sehemu ya volteji hupotea njiani, na mtu hajui tena ni kiasi gani kilichofika kwenye tone. Mwaka 1942 Archie Hickling wa Leicester, Uingereza, alieleza potentiostati. Humo elektrodi ya tatu, ambayo karibu haipitishi mkondo, hutumika kulinganisha volteji tu. Chombo hurekebisha mkondo mpaka volteji iwe ile iliyotakiwa. Polarografu za baadaye ziliufuata mpango huo, na maabara nyingi za leo zimeiacha zebaki kwa sababu ya sumu yake.

Heyrovský alizikwa Vyšehrad. Taasisi ya kemia ya kifizikia mjini Prague ina jina lake, pia kasoko moja mwezini.