Yuda, Ndugu Aliyejitoa

Safari hii tumkumbuke Yuda, mwana wa nne wa Yakobo na Lea, baba wa kabila la mfalme Daudi.

Hakuanza vema. Ndiye aliyewashauri ndugu zake wamwuze Yusufu kwa Waishmaeli, kwa vipande 20 vya fedha, na baba yao akabaki kuililia kanzu yenye damu. Baadaye aliamuru mkwewe Tamari achomwe moto kwa uzinzi. Alipoonyeshwa muhuri na fimbo yake mwenyewe, alikiri kwamba Tamari alikuwa na haki kuliko yeye. Hapo twaona mwanzo wa toba.

Njaa ilipowapeleka Misri, Benyamini akashikwa kwa ajili ya kikombe cha fedha. Yuda akaomba abaki yeye mtumwa, kijana arudi kwa baba. Hakujua kwamba anamsihi Yusufu.

Wapendwa, je, hatuna ndugu tuliomwuza kwa shamba au kwa maneno? Kukiri ni mwanzo tu. Twende tukambebee mzigo. Katika kabila la Yuda alizaliwa Bwana wetu, aliyejitoa kwa ajili yetu sote.