George Washington Carver, Rafiki wa Udongo

Wengi wetu tukishika jembe katika shamba la shule twaona tumepewa adhabu. Nami nilikuwa hivyo, mpaka niliposoma maisha ya George Washington Carver.

Carver alizaliwa mtumwa huko Missouri, Marekani, yapata mwaka 1864. Alitafuta elimu kwa shida. Chuo kimoja kilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Hakukata tamaa, na mwaka 1896 alipata shahada yake ya pili huko Iowa. Mwaka ule ule akaenda kufundisha Tuskegee, Alabama.

Huko aliwakuta wakulima maskini. Ardhi yao ilikuwa imechoka kwa kupandwa pamba kila mwaka, na fedha za mbolea hawakuwa nazo. Akawafundisha kubadilisha mazao: mwaka huu pamba, mwaka ujao kunde au karanga. Katika mizizi ya mimea hiyo mna vinundu, na ndani yake huishi bakteria wasioonekana kwa macho. Hao huchukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea; mmea nao huwapa sukari. Mabaki yakifukiwa, udongo hupata nguvu tena.

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943.

Juzi niling'oa kunde shambani, nikapasua kinundu kimoja. Ndani kilikuwa chekundu, ndiyo alama kwamba bakteria wamo kazini. Bwana yule mwenye shahada mbili hakuona aibu kushika udongo. Sisi je?