Mkama Rumanyika na Swali la Jua

Wapo watu wadhanio kwamba maswali juu ya asili ya ulimwengu yaliingia nchini mwetu pamoja na shule na vitabu. Husema kwamba mababu zetu walichunga ng'ombe na kupanda migomba, wakaliacha jua lichomoze na kuchwa pasipo kuuliza neno. Mtu akitaka kujua kwamba sivyo, na azitazame habari za Rumanyika, Mkama wa Karagwe, aliyekaa Bweranyange zaidi ya miaka 150 iliyopita. Juma hili twapenda kuyasimulia maisha yake, kwa sababu jambo lililompata yeye laweza kutupata hata sisi.

Rumanyika alikuwa mwana wa Mkama Ndagara. Baba yake alipofariki, katikati ya karne ya 19, urithi wa kiti haukupita kwa amani, maana ndugu yake Rogero naye alikitaka. Vita vikazuka, na wafanyabiashara wa Tabora waliokuwa wakinunua pembe za ndovu Karagwe wakamsaidia Rumanyika mpaka akashinda. Watu wa nchi, hata hivyo, walipenda kueleza ushindi huo kwa namna nyingine. Walisimulia kwamba ngoma ndogo ya kifalme iliwekwa chini mbele ya wana wa Ndagara, wengine wakashindwa kuitikisa, naye Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo. Tena walisimulia kwamba aliketishwa mahali fulani, ardhi ikainuka pamoja naye taratibu mpaka mbinguni, akatazamwa kama astahili, kisha akashushwa salama. Asiyestahili angaliangushwa na kuvunjika vipande. Tusiicheke hadithi hiyo. Inatuonyesha watu walioamini kwamba atawalaye duniani hana budi kupimwa na walio juu.

Tarehe 25 Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika mbele ya Mkama huyo, wakiwa njiani kuitafuta asili ya mto Nile. Njiani walikuwa wamesumbuliwa sana na watawala waliowadai hongo juu ya hongo. Kwa Rumanyika walikuta mambo mengine. Aliwapokea kwa heshima, akawashika mikono, akawapa mahali pa kukaa penye kutazama ziwa. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, alibaki akitunzwa katika nchi ya Mkama mpaka Aprili. Wageni hao waliona mengi ya kuandika, nasi twayajua kwa sababu Speke aliyachapisha mwaka 1863. Waliona jinsi mwezi mpya ulivyoheshimiwa: kila uandamapo, ngoma nyingi zilipigwa mbele ya Mkama, nao wakubwa wa nchi wakaja kuuonyesha utii wao.

Lakini jambo lililomshangaza Speke kuliko yote ni akili ya mwenyeji wake, iliyokuwa nyepesi na yenye kiu ya kujua. Rumanyika aliuliza kwa nini milki huinuka na kuanguka, akitoa mfano wa kusambaratika kwa Kitara ya kale. Akauliza kama jua tulionalo leo ndilo lile la jana, au kama kila siku huja jua jipya. Akauliza pia kama mwezi hugeuza sura zake ili kutucheka sisi wanadamu tulio hapa chini.

Ni maswali ya mtu mzima, aliyekuwa ametazama sana na kufikiri. Mgeni wake naye alikuwa na Biblia. Siku moja akaifungua mbele ya Mkama, wala si kwa kumweleza habari za Mwumba wa jua na mwezi. Alianza na Adamu, akaja kwenye gharika, akaeleza kwamba Wazungu ni weupe kwa kuwa wana damu ya Yafethi, Waarabu wamemfuata Shemu, na Waafrika ni weusi kwa kumfuata Hamu. Kisha akamsomea sura ya 14 ya Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, penye habari za Zera na jeshi lake kubwa lililopigana na mfalme Asa, apate kumwonyesha kwamba yeye Rumanyika na Wahima wote ni wa ukoo mkuu uliotoka Ethiopia, tofauti na watu waliowatawala.

Rumanyika aliendelea kutawala. Mwaka 1876 alimpokea Henry Morton Stanley, naye akamsifu kwa upole, akashangazwa na nyumba ya hazina iliyojaa mikuki na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa na mafundi wa Karagwe. Miaka michache baadaye Mkama akafariki. Hakubatizwa. Mapadre wa kwanza, Mapadre Weupe, walifika upande wa Bukoba mwaka 1892, yeye akiwa amekwisha kulala na baba zake.

Basi tuulize: mtu kama huyo alistahili jibu gani?

Juu ya jua, elimu ya leo ingemjibu kwa furaha. Jua ni lile lile. Dunia ndiyo izungukayo kwenye mhimili wake mara moja kwa siku. Lakini swali la Mkama lina kina kuliko linavyoonekana, kwa maana jua ni lile lile na tena si lile lile kabisa. Ndani yake haidrojeni hugeuka kuwa heliamu, na katika kazi hiyo kila sekunde tani milioni 4 hivi za jua lenyewe huondoka zikawa mwanga na joto. Limewaka hivyo kwa miaka ipatayo milioni 4,600, na wataalamu wakadiria kwamba limebakiwa na muda kama huo kabla ya kuishiwa. Jua la leo ni pungufu kuliko la jana. Nao mwezi hautucheki: nusu yake huangazwa na jua daima, nasi twaiona nusu hiyo mara nyingi mara chache, kadiri uzungukavyo dunia.

Na kama Mkama angeuliza juu ya ulimwengu mzima, angejibiwa na padre. Georges Lemaître, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1894 na kupadrishwa mwaka 1923, alionyesha mwaka 1927, kwa hesabu zilizotokana na elimu ya Einstein, kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 akatoa wazo kwamba zamani vyote vilikuwa vimesongamana katika kitu kimoja kidogo mno, kama mbegu, vikatawanyika kutoka humo. Leo wataalamu wahesabu kwamba miaka kama milioni 13,800 imepita tangu hapo. Wengi walifurahi wakidhani kwamba Mwanzo sura ya kwanza imekwisha kuthibitishwa na wanahesabu. Padre Lemaître mwenyewe hakukubali. Alishika kwamba hesabu zake ni hesabu, zaweza kusahihishwa kesho, wala imani katika Mwumba haiegemei juu yake. Aliadhimisha Misa, akapiga hesabu zake, asivichanganye viwili hivyo, mpaka alipofariki mwaka 1966.

Huo ndio mwendo wa Kanisa tangu zamani. Mtakatifu Augustino aliwaonya Wakristo wasiseme mambo ya upuuzi juu ya mbingu na nyota wakiyategemeza kwa Maandiko, wasije wakayafanya Maandiko yadharauliwe na wenye kujua. Baba Mtakatifu Leo XIII, mwaka 1893, alifundisha kwamba Roho wa Mungu hakukusudia kutufundisha kwa Maandiko jinsi vitu vionekanavyo vilivyo ndani yake. Mwanzo yatuambia kwamba jua na mwezi ni taa zilizowekwa na Mungu, si miungu ya kuogopwa. Na kwamba mwanamume na mwanamke, wote, wameumbwa kwa mfano wake. Hesabu za taa hizo ametuachia tuzitafute kwa akili aliyotupa.

Somo lile la Bweranyange lilikosea kwa namna hiyo hiyo. Lilitafuta katika Maandiko jambo ambalo hayalisemi. Katika Mwanzo sura ya 9 aliyelaaniwa na Nuhu ni Kanaani, si Hamu, wala hapana neno hata moja juu ya rangi ya ngozi. Hapana mahali Maandiko yasemapo kwamba wachungaji wa ng'ombe ni ukoo mmoja na wakulima ni ukoo mwingine ulio chini yao.

Je, kosa hilo lilikuwa dogo? Hatusemi kwamba Speke, aliyefariki mwaka 1864, ndiye peke yake aliyelileta. Wengine wengi walilichukua na kulikuza: watawala wa Kijerumani na wa Kibelgiji, waandishi wa vitabu vya shule, na, twakiri kwa huzuni, hata baadhi ya wamisionari. Ng'ambo ya mto wetu watu wakafundishwa kwamba baadhi yao ni wageni waliotoka Ethiopia. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda alitangaza hadharani kwamba wageni hao warudishwe kwao Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo ndiyo yaingiayo Kagera, yakapita mpakani mwa Karagwe na Kyerwa. Mwaka 1994 watu wetu waliyaona maji hayo yamechukua nini kuelekea Ziwa Viktoria. Na wakimbizi kwa maelfu wakapiga kambi katika Karagwe. Wazee wengi wa parokia zetu hawahitaji kukumbushwa.

Hadithi ya ardhi iliyomwinua Rumanyika mpaka mbinguni haikumdhuru mtu. Hadithi ya damu ya Hamu na ya Yafethi ilivikwa joho la Maandiko na joho la elimu, ikapita kati ya watu bila kuhojiwa na Maandiko wala na elimu. Ndiyo maana twasema kwamba anayeilinda Biblia isisemeshwe isichosema hafanyi kazi ya wasomi tu. Anailinda roho ya jirani yake.

Basi, wazazi, makatekista na walimu, mtoto atakapowauliza kama jua la leo ni lile la jana, msimnyamazishe kwa kumwambia kwamba maswali hayo yaharibu imani. Mpelekeni kwa mwalimu wa fizikia. Akiwauliza aliyeliwasha ni nani, na kwa ajili ya nani, mfungulieni sura ya kwanza ya Mwanzo. Na mtu yeyote akija na Biblia mkononi kuwaambia kwamba ukoo huu umezaliwa kutawala na ule kutawaliwa, mwulizeni ni sura ya ngapi na aya ya ngapi. Mkama wa Bweranyange aliuliza vizuri. Deni la kumjibu vizuri limebaki kwetu, nasi twaweza kulilipa kwa wajukuu wa wajukuu wake.