Henry Darcy, mhandisi aliyeyapima maji ya chini ya ardhi

Abiria wa TAZARA anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya huyajua mahandaki kwa giza lake. Baada ya Mlimba, treni huanza kuupanda ukingo wa Nyanda za Juu Kusini. Kabla haijafika Makambako, mji uliokuwa mkoani Iringa reli ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, huwa imepita handaki baada ya handaki. Kipande hiki ni cha kilomita zipatazo 150 tu, lakini mahandaki mengi ya reli nzima ya kilomita 1,860 yamo humo. Ni nchi ya mvua, mito yenye kasi na udongo unaoporomoka. Mlima kama huo ukitobolewa bila kujua maji yaliyomo ndani yake, wa kwanza kuathirika ni wachimbaji.

Mtu aliyetupa hesabu ya maji hayo alifariki zaidi ya karne moja kabla ya TAZARA. Henry Darcy alizaliwa Dijon, Ufaransa, tarehe 10 Juni 1803. Alifiwa na baba akiwa na miaka 14, lakini aliendelea na masomo hadi Paris, akarudi nyumbani akiwa mhandisi wa serikali wa barabara na madaraja.

Dijon ya wakati huo ilikunywa maji machafu ya visima. Wakuu wa mji walichoronga kisima kirefu katika uwanja wa Saint-Michel. Maji yalipanda, lakini hayakutosha. Darcy aliigeukia chemchemi ya Rosoir. Aliyapima kwanza maji yake, kisha akajenga mfereji uliofunikwa wa zaidi ya kilomita 12. Maji yaliingia mjini mwaka 1840. Alikataa ujira, akapokea medali. Ni wangapi wangefanya hivyo leo, tunawaachia wasomaji.

Reli ya Paris kwenda Lyon ilipopangwa, alipigania ipite Dijon, ingawa ilibidi kutoboa mlima huko Blaisy kwa handaki la zaidi ya kilomita nne. Reli ilipita. Lakini mapinduzi ya 1848 yalimwondoa katika mji wake. Alihamishwa, na afya yake ikaanza kudhoofika.

Ni katika ugonjwa huo ndipo alipofanya kazi inayomfanya atajwe hadi leo. Mwaka 1855 alirudi Dijon, na katika ua wa hospitali akasimamisha bomba kubwa la chuma, akalijaza mchanga, akapitisha maji na kupima yanayotoka. Alichokiona kilichapishwa 1856: maji hupita haraka zaidi msukumo unapozidi, na polepole zaidi tabaka la mchanga linapokuwa refu. Kila aina ya mchanga ina kiwango chake cha kupitisha maji, na kiwango hicho kinaweza kupimwa.

Hapo ndipo Dijon inapokutana na Makambako. Kabla ya kuchimba handaki, wahandisi huchoronga mashimo membamba mlimani, wakatoa vipande vya mwamba na kuvikagua kama vina nyufa. Kisha husukuma maji ndani ya shimo na kupima mwamba unameza kiasi gani kwa dakika, au huyavuta maji kwa pampu huku wakitazama yanavyoshuka katika mashimo ya jirani. Kwa kanuni ya Darcy, vipimo hivyo hukadiria maji yatakayowamwagikia wachimbaji, mahali pa kuweka mifereji ya kuyatoa na unene wa ukuta wa zege. Husaidia pia kukisia kama chemchemi za vijiji vilivyo juu ya handaki zitakauka, jambo ambalo kwa maoni yetu halipewi uzito unaostahili.

Darcy hakuuona ukubwa wa alichokiacha. Alifariki Paris tarehe 3 Januari 1858, akiwa na miaka 54, akazikwa Dijon. Uwanja ulio kwenye tangi la maji alilolijenga unaitwa kwa jina lake.