Robert Smalls, Mtumwa Aliyeingia Barazani
(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Ikitajwa historia ya Marekani wengi wetu humkumbuka Abraham Lincoln, kisha basi. Mimi napenda kuwapa habari za Robert Smalls, mtu mashuhuri sana katika jimbo lake la South Carolina.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa Beaufort, katika kibanda nyuma ya nyumba ya Henry McKee. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa nyumba hiyo, kwa hiyo na mtoto alikuwa mtumwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilionyesha katika jimbo hilo watumwa zaidi ya 400,000 kati ya watu 700,000 hivi, na sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma.

Alipokuwa na miaka 12 alipelekwa Charleston, mji wenye bandari kubwa, akakodishwa kazi. Alitumika hotelini, akawasha taa za njiani, akawa kuli, akashona matanga, mwisho akajua kushika usukani. Mshahara wote ulikwenda kwa bwana wake, yeye akaachiwa dola moja kwa juma. Baadaye alioa, akapatana na bwana wa mkewe amnunue Hannah na mtoto wao kwa dola 800. Hebu piga hesabu: kwa dola moja kila juma ni zaidi ya miaka 15! Ni kweli alichuma kidogo pembeni, lakini nani angengoja?

Mwaka 1861 vita vilianza kati ya serikali ya Marekani na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili yadumishe utumwa. Smalls alitiwa katika meli ya Kusini iitwayo Planter, iliyochukua askari na mizinga. Nje ya bandari zilikuwapo manowari za serikali, zimeziba mlango. Usiku wa kuamkia 13 Mei 1862, nahodha na maofisa wake wawili, wote Wazungu, walikwenda kulala mjini. Smalls na wenzake wakawasha moto wa meli, wakawapitia wake na watoto waliokuwa wamejificha, wakang'oa nanga. Alivaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama kama asimamavyo nahodha, na katika kila ngome akapiga filimbi ya ishara. Walinzi wakamwitikia. Walipovuka ngome ya mwisho waliteremsha bendera ya Kusini na kupandisha shuka nyeupe, nayo ilionekana kabla manowari ya kwanza haijawapiga mizinga. Alikuwa na miaka 23.

Kisa hicho ndicho kipendwacho katika vitabu, lakini naona kazi yake ya baadaye ni kubwa zaidi. Mwaka 1864, meli yake ilipokuwa ikitengenezwa Philadelphia, alijifunza kusoma na kuandika, hali amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto. (Sisi tunaonung'unikia kengele ya masomo ya jioni tukumbuke hayo.) Alirudi Beaufort, akainunua ile nyumba ya McKee ilipouzwa kwa ajili ya kodi.

Mwaka 1868 ulifanywa mkutano wa kutunga katiba mpya ya jimbo, na wajumbe wengi walikuwa weusi. Smalls alikuwa mmoja wao. Jambo alilolishikilia ni shule: kila mtoto asome bila ada, mweusi kwa mweupe. Likaingia katika katiba. Mwaka huo huo alichaguliwa katika baraza la jimbo, na mwaka 1870 akaingia Seneti ya jimbo. Tangu 1875 alipelekwa mara kadhaa katika Bunge la Marekani, Washington.

Sitaficha la aibu. Mwaka 1877 alihukumiwa kuwa alipokuwa Seneta alipokea rushwa ya dola 5,000 katika kazi ya kupiga chapa za serikali. Siwezi kumsafisha. Lakini yafaa kujua kwamba wakati huo wapinzani wake ndio waliokuwa wameshika serikali ya jimbo, na mwaka 1879 gavana alimsamehe.

Katika mwaka 1895 wapinzani hao, wakiongozwa na Ben Tillman, waliitisha mkutano mwingine wa katiba ili wawanyime weusi kura. Kati ya wajumbe 160 weusi walikuwa sita tu, na Smalls alikuwamo. Sheria iliyoletwa ilitaka mpiga kura ajue kusoma na kuandika, au awe na mali ya dola 300. Na mwandikishaji ndiye aliyeamua nani amefaulu. Yaani watu waliokatazwa kusoma kwa sheria sasa walinyimwa kura kwa sababu hawakusoma, na aliyekuwa akisahihisha mtihani ni yule yule asiyetaka wafaulu. Smalls alisimama akabishana nao siku baada ya siku. Alishindwa. Walipoletewa ile katiba waitie sahihi, yeye aliyejifunza kuandika jina lake ukubwani alikataa kuliandika pale.

Aliendelea na kazi ya ushuru wa forodha Beaufort hadi 1913. Alifariki tarehe 23 Februari 1915, katika nyumba ile ile ambayo nyuma yake alizaliwa mtumwa.